Msaliti Yumo Mezani: Mwongozo wa Kucheza Mchezo wa Majasusi kwa Karata za Kawaida

Mara ya kwanza tulipoucheza mchezo huu nyumbani, uliishia njiani. Tulikuwa saba sebuleni, umeme umekatika, taa ya kuchaji iko katikati ya meza. Kijana wangu wa kidato cha tatu alizitazama karata zilizofunuliwa, akapiga hesabu zake, kisha akamgeukia dada yangu mkubwa na kusema, "Shangazi, unadanganya." Hakuna aliyecheka. Shangazi mtu aliweka karata zake mezani taratibu, akajifunga vizuri khanga yake, akauliza kama maji ya chai yamechemka. Mchezo ukafa hapohapo. Na kumbe hata jasusi hakuwa.

Wiki mbili baadaye tuliucheza tena, watu walewale na kanuni zilezile. Tulichoongeza ni hadithi. Kila mtu alipewa jina na kazi: huyu mvuvi, yule karani wa forodha, mwingine mkata boriti. Shangazi akawa nahodha wa jahazi. Kijana yuleyule akamwambia, "Nahodha, juzi usiku jahazi lako lilitia nanga wapi?" Shangazi akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akaanza kujitetea kwa maneno ya pwani yasiyokwisha.

Tofauti ya jioni zile mbili ndiyo iliyonifanya niandike mwongozo huu. Kanuni za mchezo wa majasusi zinajifunzika kwa robo saa. Lakini katika nyumba zetu, ambamo mdogo hamwambii mkubwa "mwongo", kanuni peke yake hazitoshi. Hadithi ndiyo inayompa binti ruhusa ya kumshuku baba yake, na ndiyo inayomwezesha baba kushukiwa bila kuvunjiwa heshima.

Mchezo wenyewe ni upi?

Chimbuko lake ni Moscow. Mwaka 1986, Dimitry Davidoff, aliyekuwa mwanafunzi wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Moscow, alibuni mchezo alioupa jina Mafia. Wazo lake lilikuwa jepesi: weka pamoja wachache wanaojua na wengi wasiojua, halafu uone nani atashinda. Wachache wanafahamiana na wanajificha. Wengi wana wingi wao tu, na hawajui wamwamini nani. Mwaka 1997 Mmarekani Andrew Plotkin aliugeuza ukawa mchezo wa kijiji kilichovamiwa na mbwamwitu-watu, na kwa sura hiyo ukazidi kuenea.

Mchezo ule ulikuwa na kasoro moja: aliyeshukiwa na wengi alitolewa, akabaki pembeni akiwatazama wenzake wakiendelea. Mwaka 2009 Don Eskridge alitoa The Resistance, mchezo wa karata unaoiondoa kasoro hiyo. Humu hakuna anayetolewa. Kikosi cha wapinzani wa dola kinatuma watu katika kazi tano za siri, na ndani ya kikosi mmejificha majasusi wa dola wanaoziharibu. Anayeshukiwa hatumwi tu, ila anabaki mezani, anasema, anapiga kura, anajitetea. Kwa familia jambo hilo ni kubwa, kwa sababu hakuna mgeni atakayeambiwa akakae kando.

Mwongozo huu unafuata kanuni za The Resistance, lakini kwa karata za kawaida zinazouzwa hata kwenye duka la mtaani.

Mahitaji

Mnahitaji watu 5 hadi 10, seti moja ya karata 52, karatasi na kalamu ya kuwekea alama. Tengeni saa moja kwa raundi moja yenye hadithi. Mkishazoea, nusu saa inatosha.

Gawanyeni karata katika mafungu matatu:

- Fungu la utambulisho: karata za picha, yaani mfalme, malkia na ghulamu, zile ambazo wazee huziita wazungu. Nyekundu (kopa na uru) ni waaminifu. Nyeusi (shupaza na pau) ni majasusi.
- Fungu la kazi njema: karata nyekundu za namba.
- Fungu la hujuma: karata nyeusi za namba.

Ree na majokeri wekeni kando.

Idadi ya waaminifu na majasusi hutegemea idadi ya wachezaji:

- Watu 5: waaminifu 3, majasusi 2
- Watu 6: waaminifu 4, majasusi 2
- Watu 7: waaminifu 4, majasusi 3
- Watu 8: waaminifu 5, majasusi 3
- Watu 9: waaminifu 6, majasusi 3
- Watu 10: waaminifu 6, majasusi 4

Karata nyekundu za picha ni 6 tu, na kama unavyoona, hata meza ya watu 10 haihitaji zaidi ya hapo.

Angalizo: zikagueni karata migongoni kabla ya kuanza. Kwetu kulikuwa na malkia wa shupaza mwenye doa la chai. Tulicheza raundi mbili tukistaajabia akili za binti mmoja aliyekuwa akimnasa jasusi mapema, mpaka tulipogundua kwamba analisoma doa. Kama karata zenu zimechakaa, au kama nyumbani kwenu hazitakiwi kwa sababu ya harufu ya kamari, kateni vipande vinavyolingana vya boksi la kiatu na kuviandika. Mchezo huu hauna fedha ndani yake, na usitiwe fedha.

Namna ya kucheza, hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza: kugawa utambulisho. Changeni karata za picha kwa idadi inayotakiwa, kila mtu apewe moja. Aitazame peke yake, kisha ailaze kifudifudi mbele yake. Haionyeshi kwa yeyote mpaka mwisho.

Hatua ya pili: usiku. Msimulizi, yaani yule mnayemchagua kuongoza hadithi, naye ni mchezaji, kwa hiyo ayahifadhi maneno haya kichwani ili aweze kuyasema macho yakiwa yamefumbwa:

"Usiku umeingia. Sote tufumbe macho, na kila mtu apige meza kwa vidole taratibu. Majasusi, fumbueni macho, mtambuane. (Hesabu kimoyomoyo hadi tano.) Majasusi, fumbeni macho. Acheni kupiga meza. Kumekucha, sote tufumbue macho."

Kupiga meza si pambo. Kunafunika mlio wa kiti na mkunjo wa nguo, vitu ambavyo sikio la mtoto halikosi kuvinasa.

Hatua ya tatu: kiongozi anapendekeza watu. Mtu mmoja huanza kuwa kiongozi, kisha uongozi unazunguka kwa kufuata mkono wa saa. Kiongozi anataja watu wa kutumwa katika kazi, na anaweza kujitaja mwenyewe. Idadi ya watu kwa kazi ya 1 hadi ya 5 ni hii:

- Mkiwa 5: 2, 3, 2, 3, 3
- Mkiwa 6: 2, 3, 4, 3, 4
- Mkiwa 7: 2, 3, 3, 4, 4
- Mkiwa 8, 9 au 10: 3, 4, 4, 5, 5

Hatua ya nne: majadiliano na kura. Hapa ndipo penye utamu. Jadilianeni, ulizaneni, tetaneni. Mkishatosheka, kila mtu afumbe ngumi mbele yake. Msimulizi anahesabu moja, mbili, tatu, na wote wanaonyesha kwa pamoja: kidole gumba juu ni ndiyo, chini ni hapana. Kura ni za wazi na hakuna asiyepiga. Wengi wakikubali, kundi linakwenda. Kura zikifungana, au wengi wakikataa, uongozi unahamia kwa anayefuata naye atoe pendekezo lake. Makundi matano yakikataliwa mfululizo kwa kazi moja, majasusi wameshinda. Kwa hiyo ubishi usio na mwisho ni zawadi kwa adui.

Hatua ya tano: kazi. Kila mtu aliyetumwa hupewa karata mbili zikiwa zimelala kifudifudi, moja kutoka fungu jekundu na moja kutoka fungu jeusi. Anazitazama, anachagua moja na kuisukuma katikati. Mwaminifu lazima atoe nyekundu. Jasusi ana hiari: nyeusi kuharibu, au nyekundu kujificha. Karata zilizobaki mikononi zikusanywe kifudifudi na kuchanganywa kando bila mtu kuzitazama. Kisha kiongozi anazichanganya zile za katikati na kuzifunua. Ikitokea nyeusi hata moja, kazi imeharibika.

Kuna kanuni moja ya pekee: mkiwa 7 au zaidi, kazi ya nne huharibika tu zikitokea karata nyeusi mbili au zaidi.

Kazi tatu njema, waaminifu wameshinda. Kazi tatu zilizoharibika, ushindi ni wa majasusi.

Hadithi inafanya nini mezani?

Wako wanaodhani hadithi ni ya kupendezesha tu. Kwa uzoefu wangu inafanya kazi tatu.

Kwanza, inawapa watu la kusema. Kazi ya kwanza inapoanza hakuna ushahidi wowote, na meza isiyo na hadithi hukaa kimya, watu wakitazamana. Lakini kazi ikiwa ni kwenda kuchungulia mlango wa mto usiku, mvuvi atasema, "Mimi ndiye mwenye mtumbwi." Karani atajibu, "Na ndiyo maana sitaki uende." Mazungumzo yameanza.

Pili, inalinda heshima. Kanuni yetu ni kwamba tangu mchezo unapoanza mpaka unapokwisha, hakuna baba, mama, shangazi wala dogo. Kuna majina ya hadithi tu. Anayeteleza akasema "Baba, mwongo wewe" anatozwa faini ya kuimba au kwenda kuchemsha chai.

Tatu, inauwekea uongo mipaka. Sisi tunaanza kama wazee walivyoanza ngano. Msimulizi anasema "Paukwa!" na sote tunajibu "Pakawa!" Mwisho wa mchezo anasema "Hadithi yangu imeishia hapo," na kila lililosemwa baina ya maneno hayo mawili linabaki humohumo. Hakuna kukumbushana kesho yake jikoni kwamba "jana ulinidanganya macho makavu". Watoto huufahamu mpaka huo upesi kuliko sisi, kwa sababu tangu wadogo wanajua kwamba sungura wa hadithini ana ruhusa ya kudanganya na wao hawana.

Hadithi iliyo tayari: Meli ndani ya mikoko

Hii ndiyo tunayoitumia sisi. Meli, mto na tarehe ni vya kweli. Kikosi chetu na kazi zake ni vya kubuni.

Msingi wake ni huu. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliivamia manowari ya Kiingereza Pegasus iliyokuwa ikifanyiwa matengenezo Unguja, ikaizamisha. Kisha ikajificha katika delta ya Rufiji, kwenye vijito vilivyozungukwa na misitu ya mikoko. Waingereza walihangaika kwa miezi mingi kuifikia. Katika hadithi yetu, waaminifu ni mtandao wa watu wa pwani wanaoitafuta meli hiyo, na majasusi wanatumwa na kapteni wake.

Wahusika wa kugawana: mvuvi, nahodha wa jahazi, mkata boriti, karani wa forodha, muuza chumvi, mpishi wa melini, fundi wa mitumbwi, mkalimani, mganga na mwalimu wa chuoni. Utambulisho wa siri hauhusiani na mhusika. Mganga anaweza kuwa mwaminifu, na mwalimu akawa jasusi.

Kazi ya kwanza, Oktoba 1914: Moshi juu ya mikoko. Msimulizi asome: "Mkata boriti mmoja anasema ameona moshi mahali pasipo na kijiji. Tunataka watu wachache, wasiokohoa usiku." Ikifaulu: "Wameiona. Milingoti imefungwa matawi ili ifanane na miti." Ikiharibika: "Mtumbwi ulioahidiwa haukuwepo. Mtu aliufungua kamba."

Kazi ya pili, Novemba 1914: Milango ya mto. "Waingereza wamezamisha meli kuukuu kwenye mlango mmoja wa mto ili kumzuia adui asitoke. Lakini Rufiji ina milango mingi. Nendeni mkahesabu iliyobaki wazi." Ikifaulu: "Ramani imechorwa kwa mkaa nyuma ya mkeka." Ikiharibika: "Ramani imefika, ila mlango mmoja haumo. Nani aliufuta?"

Kazi ya tatu, Januari 1915: Barua ya Mafia. "Waingereza wameshakiteka kisiwa cha Mafia. Barua yetu lazima ivuke mlango wa bahari kabla ya mwezi kuchomoza." Ikifaulu: "Barua imefika ikiwa kavu, ndani ya dafu lililozibwa kwa nta." Ikiharibika: "Dafu limefika. Ndani mna maji ya dafu tu."

Kazi ya nne, miezi ya masika: Kina na bamvua. "Meli kubwa haziwezi kuingia mtoni. Tunahitaji kujua kina cha maji, na siku gani bamvua litajaza vijito." Ikifaulu: "Kamba yenye mafundo imerudi, na kila fundo lina maana yake." Ikiharibika: "Mafundo yamehesabiwa mara mbili, na hesabu hazilingani."

Kazi ya tano, Julai 1915: Siku ya mizinga. "Meli mbili zisizozama sana majini, Severn na Mersey, zimefika. Ndege zitaruka juu kutazama risasi zinaangukia wapi. Kazi yetu ya mwisho ni kuwaondoa watu wa vijijini njiani kabla hakujapambazuka."

Mchezo ukiisha, msimulizi awaeleze watu yaliyotokea kweli, maana hapo ndipo watoto huanza kuuliza maswali. Waingereza walimtumia mwindaji kutoka Afrika Kusini, Pieter Pretorius, kuchunguza mahali meli ilipo na njia za maji. Severn na Mersey zilishambulia tarehe 6 Julai 1915 zikashindwa kuimaliza, zikarudi tarehe 11 Julai. Königsberg ilipigwa vibaya, na mabaharia wake wenyewe wakaibomoa kwa baruti. Lakini mizinga yake 10 iliopolewa na kwenda kupigana nchi kavu. Mmoja wao leo uko Fort Jesus, Mombasa, na mzinga wa Pegasus, adui yake wa zamani, uko palepale.

Waambieni pia lisilo la mchezo: vita vile vilikuwa vya wageni wawili, na maelfu kwa maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa wakiwabebea mizigo.

Ukitaka kutunga hadithi yako

Andika sura tano fupi, kila moja sentensi mbili au tatu. Kila sura iwe na mambo matatu: hali ilivyo, kazi inayotakiwa, na habari inayorudi. Habari ya kazi iliyoharibika isimtaje mtu. Iache swali. "Mtu aliufungua kamba" inazua mjadala. "Mvuvi aliufungua kamba" ni kumwonea aliyepewa uvuvi.

Chagua mahali penye umbali kidogo na maisha yenu. Msitumie kabila, dini, chama cha siasa wala ugomvi wa ukoo, kwa kuwa watu watasahau kwamba ni mchezo. Kwa wageni wanaoanza, hadithi ya kuchekesha hufaa zaidi. Jaribuni kamati ya harusi ambamo kuna watu wanaopeleka siri za vikao upande wa pili: kazi ya kwanza ni kukodi ukumbi, ya pili ni kumpata mpishi wa pilau, na kuendelea mpaka siku yenyewe, bwana harusi anapofika na suti isiyo yake.

Kumnasa jasusi, na kujificha ukiwa jasusi

Ukiwa mwaminifu, fanya hesabu kabla ya kusoma nyuso. Chukua meza ya watu watano. Wewe unajijua, kwa hiyo majasusi wawili wamo kati ya wenzako wanne, na jozi zinazowezekana ni 6. Ikiwa umetumwa na mwenzako mmoja na karata nyeusi ikatokea, kazi imekwisha: ni yeye, hakuna mwingine. Lakini wengine hawajui hivyo. Kwao ni neno lako dhidi ya lake, na hapo ndipo ulimi unapohitajika. Ikiwa wametumwa wengine wawili na kazi ikaharibika, jozi moja tu ndiyo inayofutika, ile ya wawili waliobaki nje. Unabaki na jozi 5. Kwa hiyo usikimbilie kuapa.

Kazi iliyofaulu haimsafishi mtu. Jasusi mzoefu hutoa nyekundu mwanzoni ili aaminiwe kazi ya nne na ya tano. Tazama zaidi kura: nani hukubali kila kundi? Nani alikubali kundi ambalo hayumo, tena kwa haraka? Mwaminifu asiye kwenye kundi ana sababu ya kusita. Jasusi anayejua kwamba mwenzake yumo hana.

Ukiwa jasusi, usiwe bubu. Kimya cha ghafla husaliti kuliko maneno mengi. Sema yale ambayo mwaminifu angesema, mshuku mtu kwa sababu inayoeleweka, na mara mojamoja mshuku jasusi mwenzako. Mkitumwa majasusi wawili pamoja, kuweni waangalifu: wote mkitoa nyeusi, mmeipa meza habari kubwa bila faida, isipokuwa katika kazi ya nne mkiwa 7 au zaidi. Hamruhusiwi kukonyezana, kwa hiyo kila mmoja apime mwenzake atafanya nini.

Makosa yanayoharibu mchezo

- Kuonyesha karata ya utambulisho ili kujitetea. Ukifanya hivyo hakuna mchezo tena. Ruhusa ni ya maneno tu.
- Kuapa kwa Mungu. Sisi tumepiga marufuku kabisa, kwa kuwa kiapo cha kweli hakina nafasi katika uongo wa kuigiza.
- Mwaminifu kutoa nyeusi kwa bahati mbaya. Kabla ya kuanza, mwulize kila mtoto: mwaminifu anatoa rangi gani? Akijibu bila kusita, yuko tayari.
- Watoto wadogo mno. Mtoto asiyeweza kuficha zawadi ya siku ya kuzaliwa hataweza kuuficha ujasusi. Mpeni kazi ya kusoma hadithi, asiwe mchezaji, na atajiona mkubwa kuliko wote.
- Msemaji mmoja kutawala. Kabla ya kura, kiongozi ampe kila mtu nafasi ya kusema sentensi moja, akianzia na wasiosema.

Mkiwa wachache, au msipopenda kudanganyana

Mkiwa wanne, jaribuni mchezo wa Codenames wa Vlaada Chvátil, uliotoka mwaka 2015 na kupata tuzo ya Spiel des Jahres huko Ujerumani mwaka uliofuata. Nao ni wa majasusi, lakini hauna uongo. Mnaweza kuutengeneza kwa karatasi. Andikeni maneno 25 na kuyapanga mistari mitano kwa mitano. Gawanyikeni timu mbili. Viongozi wawili tu ndio wanaoiona ramani ya siri: maneno 9 ni ya timu inayoanza, 8 ya timu ya pili, 7 ni ya wapita njia, na moja ni muuaji. Kiongozi anatoa neno moja na namba moja, na wenzake wanabahatisha maneno yanayohusiana nalo. Akisema "bahari, mbili", huenda anataka "ngalawa" na "chumvi". Anayemgusa muuaji ameshindwa papo hapo.

Mkiucheza kwa Kiswahili zingatieni sana kanuni moja: shina la neno ni mwiko. Kiswahili hujenga maneno mengi juu ya shina moja, kwa hiyo "mpishi" likiwa mezani, kiongozi asiseme "pika", "mapishi" wala "upishi". Bila kanuni hiyo mchezo unakuwa rahisi kupita kiasi.

Kufunga meza

Mchezo ukimalizika, kila mtu afunue karata yake ya utambulisho, na majasusi wapewe dakika chache kusimulia walivyofanya. Msiikatishe sehemu hii. Watu watarudia kura kwa kura, nani alishuku mapema na nani alitetea asiyefaa, na vicheko vya hapo huwa vikubwa kuliko vya mchezo wenyewe. Kisha msimulizi aseme, "Hadithi yangu imeishia hapo," na kila mtu arudishiwe jina lake la nyumbani.

Jioni ile ya pili, nahodha alipofunua karata yake ilikuwa mfalme wa pau. Alikuwa ametuharibia kazi tatu, na kila mara kijana wangu alikuwa amepiga kura ya kumpeleka. Siku hizi Shangazi akipiga hodi kwetu Jumamosi jioni, salamu hazijakwisha anauliza, "Leo mimi nani?"